Aya ya Saba Inabaki

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata sijavua koti, lazima mtu mmoja pale mkahawani kwa Dottie aniulizie kochi, lile la madaktari wa akili.

"Daktari Kucera, nina ndama ana msongo wa mawazo. Mlaze kwenye kochi lako umuulize habari za mama yake."

Miaka sita utani ni huohuo, na miaka sita wanaucheka kana kwamba umezaliwa leo. Mimi nami sinyamazi. Dwight Sorensen, mwenye ng'ombe mia nne na maneno ya watu mia nne, nilimwambia ndama wake hana msongo wowote, ila akimwona mwenye zizi anashikwa na kichefuchefu. Wakapiga meza kwa vicheko. Dwight akacheka kuliko wote, kisha akaniagizia andazi la mdalasini.

Naitwa Marlys Kucera. Nina miaka arobaini na sita, na miaka kumi na minane kati ya hiyo nimekuwa daktari wa mifugo hapa Nebraska, mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Sikuwa na haja ya ubingwa wa kitu chochote. Nilichokuwa nacho ni hasira. Juma moja la mwezi wa Novemba nililetewa mbwa watatu niwadunge sindano ya mwisho, wote wazima wa afya, kosa lao kuuma watu. Nikawadunga. Wa tatu alinilamba kiganja wakati natafuta mshipa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba sitafanya tena kazi hiyo mpaka nijue kwanza mbwa anasema nini anapouma. Akauliza wanaojua hilo ni akina nani. Nikatafuta, nikawakuta. Nchi nzima walikuwa wachache kuliko watu wa parokia yetu, na mji wangu ulikuwa mbali na wote.

Kuwa daktari bingwa wa tabia za wanyama si jambo la kusoma kitabu ukapewa cheti. Unahudumia wagonjwa mamia chini ya bingwa aliyekutangulia. Unafanya utafiti unaochapishwa. Kisha unaandika ripoti tatu, kila moja ya mgonjwa mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na zinasomwa na wasahihishaji watatu ambao huambiwi majina yao, nao hawaambiwi lako. Zikipita zote tatu ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani. Baraza la mabingwa lilinipa miaka sita. Muda ukikwisha kabla hujaruhusiwa, unafutwa, na jasho lote linakwenda na maji.

Mlezi wangu wa mafunzo alikuwa Daktari Ines Calloway, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, anayefundisha chuoni mwendo wa saa tisa kwa gari kutoka kwetu. Mara mbili kwa mwaka nilikwenda kukaa naye wiki kadhaa. Muda mwingine wote tulikutana kwenye kompyuta kila Jumanne, tukitazama video za wagonjwa wangu polepole, sikio baada ya sikio, mkia baada ya mkia.

Mwenye kliniki ninayofanyia kazi ni Gene Pohlman. Ana miaka sitini na saba, mikono mipana kama majembe, na hajawahi kuona sababu ya kumbembeleza mnyama. Alinipa hizo Jumanne zangu kwa shingo upande. "Nenda, Kucera," alikuwa akisema, "kawaulize mbwa wanaota nini. Mimi nipo hapa nawatibu." Mlango wa chumba changu aliubandika karatasi: KIMYA, MGONJWA ANALIA. Sikuibandua. Ipo hadi leo, imegeuka rangi ya chai.

Sasa nimfikie Otis, maana habari yenyewe ni yake.

Otis ni mbwa wa kuswaga ng'ombe, rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Mwenyewe ni Bi LaVonne Hruska, mjane wa miaka sabini na minane anayefuga ng'ombe thelathini kwa ubishi tu, kwa sababu wanawe wamemwambia auze. Otis alikuwa ameanza kunguruma. Alimngurumia mpeleka barua, akamngurumia mchungaji, na hilo la mchungaji Bi LaVonne alilisamehe. Halafu akaurukia mkono wa mjukuu. Hapo mwanawe, Darrell, akasema bunduki iko kwenye pikapu na kazi yenyewe ni ya dakika moja. Bi LaVonne akamwambia aiguse aone nani atatangulia kuzikwa.

Walimpeleka kwanza kwa Gene. Kila mgonjwa anayeletwa kwangu lazima apimwe mwili na daktari wake wa kawaida, kisha fomu ije pamoja naye. Gene akajaza fomu, akavuka ukumbi, akaniwekea mezani. "Wa kwako huyu. Ana roho mbaya, na roho mimi sina dawa yake." Moyo, vema. Mapafu, vema. Macho, masikio, kinywa, viungo, vema, vema, vema.

Siku ya kwanza nilikwenda shambani kwa Bi LaVonne, nikakaa sakafuni jikoni kwake. Kwetu sisi watu wa tabia huo ndio mwanzo wa kila kitu. Unakaa chini, ubavu kwake. Humtazami machoni. Hunyooshi mkono. Unamrushia kitu kitamu, unangoja, unamrushia kingine, mpaka aamue mwenyewe kwamba ujio wako ni heri. Neno la kwanza alilonifundisha Ines lilikuwa hili: "Mkono wako ubaki kwako." Kwa mtu aliyezoea kutia mkono ndani ya ng'ombe bila hodi, lilikuwa somo gumu. Nililia mara mbili kwa sababu yake. Lakini nilijifunza, na nilipolijua nikaona fahari. Nilijiona nimekuwa mtu wa aina nyingine, si kama akina Gene wanaokamata, wanaobana, wanaofungua kwa nguvu.

Kitamu chenyewe niliandaa mwenyewe. Nyama ya ng'ombe, nimeikata vipande na kuikausha kwenye oveni mpaka ikawa ngumu kama mkanda wa suruali. Mbwa wote walikuwa wakiipenda. Otis naye alikuwa akiifuata, anaichukua, anakwenda nayo pembeni, na anapoitafuna ananguruma.

"Ananiambia nini?" Bi LaVonne aliuliza.

"Kwamba anataka na anaogopa, vyote kwa pamoja," nilimjibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nina dodoso la kurasa kumi na nne ambalo kila mwenye mnyama hulijaza. Bi LaVonne alilijaza lote kwa penseli. Swali la sitini na moja linahusu kula. Aliandika: *Hutafuna upande mmoja, kama marehemu mume wangu.* Nilicheka. Nikaandika pembeni, kwa kalamu yangu mwenyewe: *mazoea.*

Nikampa dawa ya kutuliza hofu, nikampangia Bi LaVonne mazoezi, na kwa miezi minne nilikwenda kila Jumanne mchana na mfuko wangu wa nyama kavu. Na Otis akatulia. Nilihesabu miungurumo, nikaichora kwenye mchoro, na mstari ukashuka vizuri kabisa. Mwezi wa nne nikampunguzia dawa, kwa kuwa mgonjwa amepona. Nikaandika ripoti yangu ya tatu. Ines aliisoma akaniambia ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na Ines hana desturi ya kumpaka mtu mafuta. Zilikuwa zimebaki siku nane niiwasilishe. Mwaka wangu wa sita ulikuwa unakatika.

Jumamosi hiyo, theluji imejaa barabarani na mechi iko redioni, simu ikalia.

"Daktari, ameniuma," Bi LaVonne alisema. "Nimeshonwa nyuzi kumi na mbili. Usimwambie Darrell."

Nilifika nikamkuta amekaa mezani, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, kikombe cha kahawa mkono wa pili. Otis alikuwa amefungiwa kwenye chumba kidogo cha kuvulia viatu, kimya.

"Ulikuwa unafanya nini alipokuuma?"

"Nilikuwa namfuta theluji usoni. Sikumfanya kitu. Nilimgusa shavu tu."

"Shavu lipi?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesinzia. "Lile asilotafunia, mwanangu. Niliandika kwenye makaratasi yako."

Nilimpakia Otis garini, nikampigia Gene simu, na Gene akaacha mechi yake akaja. Tulimpa Otis nusukaputi, tukamlaza mezani, Gene akashika taa, na mimi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne nikamgusa mgonjwa wangu. Nikafungua kinywa. Gego kubwa la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi kwenye ufizi, na ndani yake unaona mshipa uko wazi. Usaha umeuzunguka. Si la wiki ile wala la mwezi ule.

"Teke la ng'ombe," Gene alisema.

Bila shaka ni teke la ng'ombe. Mbwa wa kuswaga ng'ombe kazi yake ni kung'ata visigino, na ujira wake ni mateke ya uso. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Nimekulia zizini. Lakini nilipokaa sakafuni na mfuko wangu niliyasahau yote hayo, kwa sababu nilikuwa natazama masikio na mkia. Dawa niliyompa kutuliza hofu, watu wote wa kazi yetu wanajua, inatuliza maumivu pia. Ndiyo iliyoushusha mstari wangu mzuri. Nilipoipunguza, jino likarudi kuwaka. Na kila Jumanne kwa miezi minne nilimrushia mbwa mwenye jino lililopasuka nyama ngumu kama mkanda, naye, kwa kuwa ni mtiifu na ana njaa, aliila. Nikaandika kwamba miungurumo yake ni hofu.

Niling'oa lile jino mwenyewe. Gene hakutania hata neno moja, na ukimya wake ulinichoma kuliko utani.

Jumanne nilimweleza Ines kila kitu. Akavua miwani.

"Una yule paka anayekojoa kitandani," alisema. "Nusu ya ripoti yake umeshaandika. Kesi safi. Imalize hiyo upeleke."

"Na Otis?"

"Otis utamwandika siku nyingine, ukiwa na cheti mkononi. Hakuna anayekuambia udanganye, Marlys. Nakuambia uchague."

"Nimeshachagua."

Nilikaa siku nne nikaandika ripoti upya. Kurasa zote za mwanzo niliziacha kama zilivyo, na mchoro wangu mzuri nikauacha. Kisha kwenye hitimisho, lililokuwa na aya sita, nikaongeza aya ya saba. Iliandikwa hivi: *Kwa miezi minne sikumgusa mgonjwa huyu. Tunafundishwa kutomgusa mnyama mwenye hofu, na nililishika fundisho hilo mpaka likawa pazia. Mwenye mbwa aliniambia siku ya kwanza kwamba anatafuna upande mmoja. Niliandika kuwa ni mazoea. Zawadi niliyompa ndiyo iliyomuumiza. Kosa ni langu, na nadhani si langu peke yangu.* Ines akasaini, kwa kuwa bila saini ya mlezi ripoti haipokelewi. Nikaituma saa sita mchana, siku ya mwisho.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Sikupita, wala sikuanguka. Wasahihishaji walinipa siku kumi nirekebishe mambo mawili. La kwanza: *Mtahiniwa aeleze fomu ya daktari aliyemleta mgonjwa ilisema nini kuhusu kinywa.* La pili: *Aya ya saba iondolewe. Haina umuhimu wa kitaalamu.*

Nilisoma mara tatu. Mlango walionifungulia ulikuwa mpana, hata ng'ombe angepita. Fomu ilisema kinywa vema. Nikiiweka hiyo fomu, lawama inahamia kwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni Gene Pohlman aliyebandika karatasi mlangoni kwangu. Sitasema uongo, nilifurahi. Kwa muda wa chakula cha mchana nilikaa garini na kuila ile furaha pamoja na mkate wangu. Nilimwona Gene akisomwa na mabingwa watatu kama mtu asiyejua kufungua kinywa cha mbwa.

Ines alipiga simu jioni hiyohiyo. "Wamekuokoa. Weka fomu, toa aya, chukua cheti. Halafu panda juu ya jukwaa la mkutano wowote unaoutaka upige kelele. Ukiwa nje ya mlango hakuna atakayekusikia."

"Na hiyo 'si langu peke yangu', ndiyo iliyowauma?"

"Ndiyo iliyowauma. Iliniuma hata mimi." Kisha akaongeza, "Mwaka juzi nilikuwa na mbwa mmoja. Nimemfikiria tangu nisome."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na siku ya mnada mimi na Gene tunapima mimba, yeye kwenye njia moja ya kupitishia ng'ombe, mimi kwenye ya pili, tumetenganishwa na bomba la chuma. Hapo ndipo Gene aliponikabili. Nilikuwa nimezama hadi begani ndani ya jike mweusi, glavu imefika kwenye kwapa.

"Calloway amenipigia," alisema, bila kunitazama. "Alitaka nakala ya fomu ya Otis."

"Sikumtuma."

"Najua hukumtuma. Miezi mitano!" Akampigia kelele mwandishi anayeorodhesha mimba, kisha akarudi kwangu. "Sikiliza, Kucera. Kile kimbwa kiliponiona kilinionyesha meno yote. Nikasema, meno yapo. Nikaweka vema."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hukufungua. Tangu ile Jumamosi najua. Ungekuwa ulifungua, usingenyamaza vile."

Ng'ombe wake akamnyea juu ya buti, Gene hakulitazama. "Basi waandikie. Waambie mzee mmoja wa Nebraska aliweka vema uongo. Mimi nastaafu masika. Watanifanya nini, watanikata mkia?"

"Miezi sita huyu," nilimwambia mwandishi. Nikautoa mkono. "Siandiki hilo, Gene."

"Kwa nini? Miaka sita nimekutania wewe. Nimekubandikia karatasi."

"Ndiyo maana siandiki. Ubingwa wangu hautapatikana kwa kukuuza wewe. Fomu ilikuwa yako, mgonjwa alikuwa wangu. Wewe ulimwona dakika kumi, na alikuwa anataka kukurarua. Mimi nilikaa naye Jumanne kumi na saba. Nimetia mkono huu ndani ya ng'ombe elfu, elfu tatu, sijui, na sikutia kidole kimoja ndani ya mbwa mmoja aliyekuwa ananiomba."

"Watakufuta."

"Wanifute. Watanifuta nikiwa na aya saba."

Gene alitikisa kichwa. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," angesema bibi yangu kama angezaliwa upande mwingine wa dunia. Gene yeye alisema tu, "Kichwa kigumu wewe," na kwa mara ya kwanza kwa miaka sita alilisema bila kucheka. Tukaendelea kupima. Walikuwa wamebaki sabini na wawili.

Barua yangu kwa baraza ilikuwa fupi. Niliandika kwamba fomu ya daktari aliyemleta mgonjwa ilisema kinywa ni kizima, na kwamba hilo halibadilishi kitu, maana bingwa anayeamini karatasi kuliko mgonjwa aliye mbele yake anapaswa kupewa kazi ya karatasi. Niliandika kwamba aya ya saba inabaki. Niliandika: *Mnasema haina umuhimu wa kitaalamu. Nina mbwa mmoja na mwanamke mwenye nyuzi kumi na mbili wanaosema inao. Nawaomba kila mmoja wenu, kabla ya kuamua, amkumbuke mgonjwa mmoja ambaye hakumgusa. Kama mnatafuta bingwa asiyekosea, mtafuteni, na mkimpata msimpe mbwa.* Ines aliniomba niutoe huo mstari wa mwisho. Nilikataa. Akashusha pumzi kwenye simu, akasaini.

Nilingoja siku kumi na tisa. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mume wangu alihamia gereji kutengeneza trekta ambalo halikuwa limeharibika. Nilikuwa naogopa, na kwa kuwa sikutaka kuogopa nilikuwa nafoka. Usiku nilijiambia nimefanya vema, asubuhi nilijiambia ni mpumbavu aliyeichoma miaka sita kwa ajili ya mistari sita.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Ripoti imepita, wawili wamekubali, mmoja amekataa. Sikumjua aliyekataa na sikutaka kumjua. Nilitoka nje nikasimama katikati ya uwanja wa kliniki nikapiga ukelele mmoja mpaka farasi wa mteja akakata kamba.

Mtihani ulikuwa siku mbili, ukumbi wa hoteli baridi kama friji, na sisi watahiniwa tulikuwa tisa tu. Siku ya pili walituonyesha video ya mbwa anayenguruma akiwa na bakuli, wakauliza hatua ya kwanza ya daktari ni ipi. Niliwaona wenzangu wakiinama kuandika kurasa. Mimi niliandika mstari mmoja kabla ya yote: nitampima mwili wote mwenyewe, nikianzia kinywani, na akikataa nitampa nusukaputi. Mwezi mmoja baadaye nikaambiwa nimefaulu.

Mkahawani kwa Dottie, Jumatatu iliyofuata, Dwight Sorensen alisimama, akavua kofia. "Daktari Bingwa Kucera," alisema, "yule ndama wangu bado analia." Nikamwambia amlete, nitaanza kwa kumtazama Dwight kinywani, maana ugonjwa wote unatoka humo. Gene alikuwa amekaa kona ya nyuma na supu yake ya pilipili. Aligonga meza kwa kijiko mara mbili.

Cheti kilipofika nilikibeba moja kwa moja hadi kwa Bi LaVonne, kabla hata ya kukionyesha nyumbani. Kovu la mkono wake lilikuwa limepauka. Alikisoma cheti herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi, akaniwekea sahani ya kolache, maandazi ya Kicheki yenye plamu.

"Na yeye?" niliuliza.

"Yeye ni malaika. Mpeleka barua anamkuna tumbo. Hata mchungaji."

Otis akaingia kutoka uani. Aliponiona alisimama mlangoni, midomo ikakunjuka, akanguruma kwa sauti ya chini, ndefu, isiyo na haraka. Jino halikuwepo tena, wala maumivu. Nilikuwepo mimi tu, na kwa Otis mimi ndiye niliyekuja Jumanne kumi na saba na kitu kinachouma. Nilimfundisha hilo mwenyewe, kwa utaratibu, kwa ustadi, na alikuwa amelishika somo vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Msamehe, daktari," Bi LaVonne alisema, ananirudishia cheti. "Hajui kusoma."

Nilikiweka cheti juu ya friji. Nikakaa sakafuni, ubavu kwake, kama siku ile ya kwanza. Safari hii mfukoni nilikuwa na jibini laini, na mkono wangu niliulaza wazi juu ya vigae, kati yangu na yeye. Hakusogea. Saa nzima hakusogea, na kolache zangu zikapoa mezani.

"Nguruma tu, mzee," nilimwambia. "Jumanne nakuja tena."